Kioo Juu ya Ufa

Ardhi ilipotikisika, Wakiuru alikuwa ameinama juu ya cherehani akipinda pazia la mteja, na alichodhani kwanza ni kwamba lori limeigonga nyumba. Ilikuwa Jumapili, saa kumi na moja hivi za jioni. Vikombe viligongana kabatini, taa ikabembea, na sauti nzito, kama ya mtu anayeburuta pipa tupu juu ya saruji, ikapita chini ya miguu yake na kwenda zake. Kukawa kimya. Kisha mtaa mzima wa Kariobangi ukapiga kelele kwa pamoja.

Eve, binti yake wa miaka tisa, alitoka chumbani na kalamu mkononi.

"Mama, ni nyumba imetetemeka ama ni mimi?"

"Shuka," Wakiuru alisema. "Nakufuata."

Walikuwa wawili tu katika vyumba vyao viwili vya ghorofa ya tatu, na juu yao kulikuwa na ghorofa nyingine tatu za watu, ambao sasa wote walikuwa wanateremka kwa ngazi moja. Huko barabarani kila mtu alitoka jinsi alivyokuwa. Mwanamume mmoja alikuwa na povu la sabuni kichwani na taulo kiunoni. Mama mmoja alikuwa amekumbatia televisheni na kumsahau mumewe usingizini, na jambo hilo lilichekwa hadi magharibi. Redio ilisema tetemeko limeanzia mbali, chini ya Bonde la Ufa, na kwamba hakuna aliyeumia. Basi watu wakarudi ndani kupika.

Ufa ulionekana Jumatatu asubuhi. Ulikuwa kwenye ukuta wa ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, umeanzia pembe ya dirisha na kuteremka mshazari hadi sakafuni, na mahali pengine kucha ya kidole iliingia. Aliyeuona kwanza ni Mzee Wahome wa chumba cha chini. Wahome alikuwa fundi wa mawe tangu ujana wake kwenye machimbo ya Njiru, na hakuweza kuupita ukuta bila kuupapasa, kama vile mfugaji asivyoweza kumpita ng'ombe. Watu wazima walimwita Baba Wanyoike. Watoto walimwita guka, yaani babu, hata wale ambao si Wakikuyu.

Asubuhi ile alikuwa amesimama mbele ya ufa na kikombe cha uji alichokinunua langoni. Eve, aliyekuwa akienda shule, akasimama naye. Wakiuru alikuwa nyuma yao akifunga mlango, akawasikia.

"Guka, tetemeko linatoka wapi?"

"Tazama huu uji," Wahome alisema, akakiinamisha kikombe. "Juu umepoa, umefanya utandu. Chini bado ni moto, unazunguka. Kwa hivyo utandu hautulii. Unavutwa huku, unavutwa kule, mwisho unapasuka. Dunia nayo ni sufuria ya uji, na sisi tumejenga juu ya utandu. Hapa kwetu ndipo utandu unapoachana. Bonde la Ufa lote ni mpasuko. Upande mmoja unaenda kule, mwingine unaenda huku, polepole kama nywele zinavyoota. Mwamba unashikilia miaka na miaka, halafu siku moja unaponyoka. Huko kuponyoka ndiko ulikosikia jana."

"Na volkano? Mwalimu alituchorea."

"Pale utandu ulipo mwembamba, uji unaruka nje. Longonot iliruka hivyo. Suswa nayo. Zamani, kabla ya guka wa guka wangu, majivu yalianguka huku siku nyingi, yakalundikana, yakashikana, yakawa mawe. Mawe hayo ndiyo nimechonga maisha yangu yote, na ndiyo yamejenga hii nyumba. Unalala ndani ya majivu, mama."

Mlango wa pili ulifunguka. Bilan, jirani yao, mke wa mfanyabiashara wa vitambaa, alimtoa binti yake Sabrin akiwa na mkoba mgongoni.

"Mzee, unawatisha watoto asubuhi yote hii," alisema. "Tetemeko ni la Mungu."

"Ni la Mungu, Mama Sabrin. Lakini nyumba ni ya binadamu. Msingi uliomba ghorofa nne, naye mwenye nyumba akaupa sita."

Bilan akacheka. Kisha akainua macho kuelekea ghorofa za juu, na kicheko kikakatika.

Jioni Wahome alirudi na kipande chembamba cha kioo cha dirisha, kirefu kama rula ya shule. Alikilaza juu ya ufa, akakishika kwa bonge la saruji upande wa kulia na bonge jingine upande wa kushoto, hivi kwamba kioo kikawa kama daraja dogo. Majirani walijaa kwenye ngazi kumtazama.

"Hivi ndivyo mafundi wa zamani walivyofanya," aliwaambia. "Ufa ukilala, kioo kitakaa hata mwaka. Ufa ukitembea, hata unene wa unywele, kioo hakivumilii. Kikikatika msijadiliane. Tokeni, kila mtu na mtoto wake, hata kama ugali uko jikoni. Mkishafika nje ndipo mnipigie simu."

"Mzee, umetuwekea alamu," alisema Nabiswa, kijana aliyekuwa msimamizi wa nyumba na mwenye funguo za lango.

"Hii hailii. Itabidi muitazame."

Jumanne alfajiri Wahome akaenda Kitengela, alikokuwa anamjengea mtu ukuta, akasema atarudi Jumamosi. Siku ile kila aliyepanda au kushuka alikitupia kioo jicho. Eve alikuwa anakigusa kwa ncha ya kidole, akisema "bado," kama muuguzi.

Jumatano jioni Wakiuru alipanda ngazi na furushi la vitambaa, akamkuta Nabiswa amesimama mbele ya ufa, mikono kiunoni. Chini, kwenye sakafu, ilikuwepo kamba ya Eve ya kuruka.

Kioo kilikuwa kimekatika katikati. Nusu moja ilishikwa na saruji upande huu, nusu nyingine upande ule, na kati yao palipita mstari mmoja ulionyooka. Sakafuni hapakuwa na kipande hata kimoja. Wakiuru aliyaona haya yote, na hayakumwambia kitu.

"Mama Eve, si mnajua hizi ngazi si fildi ya kuchezea," Nabiswa alisema. "Tangu saa tisa naskia kamba tu, pa, pa, pa. Sasa ona. Wamekipiga."

Jambo ambalo Wakiuru angelikumbuka baadaye kuliko yote ni kwamba alihisi nafuu. Aliihisi mgongoni, kama mtu aliyetua mtungi wa maji. Kama ni kamba, basi si ufa. Milango ilifunguka, majirani wakachungulia, na aliuona uso baada ya uso ukilegea kwa nafuu ile ile. Hakuna aliyesema watu watoke. Mmoja alisema watoto wa siku hizi hawana adabu, na mwingine akarudi kugeuza chapati.

Alimwita Eve.

"Mimi sikukivunja," Eve alisema.

"Kamba ni ya nani?"

"Ni yangu. Lakini tulikuwa tunaruka chini, karibu na lango, mimi na Sabrin. Nimepanda nikakipata hivyo, nikaweka kamba chini nikitazame vizuri. Mama, guka alisema tutoke."

"Usinifundishe guka alisema nini."

"Lakini alisema."

Wakiuru akampiga kofi moja, mbele ya watu. Kisha akafanya kile mama yake mwenyewe alichomfanyia alipokuwa mdogo: akamshika mkono akampeleka mlango kwa mlango kuomba msamaha. Milango tisa. Katika kila mlango Eve alisimama wima, shavu moja limevimba, akasema maneno yale yale: "Mama amesema niombe msamaha kwa sababu ya kioo." Hakusema amekivunja. Hata mlango mmoja hakusema.

Kwa Bilan ilikuwa mwisho. Bilan alichuchumaa ili macho yao yakutane.

"Wewe ndiye umekivunja?"

"Hapana."

"Wangu pia anasema hapana." Bilan alimtazama Wakiuru kupitia juu ya kichwa cha mtoto. "Nimemwuliza mara tatu."

"Watoto hufichiana, Mama Sabrin."

Usiku haukuwa umeingia bado Nabiswa alipompigia Wahome simu, spika imefunguliwa wote wasikie. Nyuma ya sauti ya mzee kulikuwa na mngurumo wa mashine ya kuchanganya kokoto.

"Mzee, kile kioo watoto wamekipiga na kamba."

"Una hakika?"

"Mama yake yuko hapa."

"Ni yeye, Baba Wanyoike," Wakiuru alisema. "Nimeshamwadhibu."

Mashine ilinguruma kidogo. "Haya. Msimpige sana. Nitaweka kingine Jumamosi."

Alhamisi mwenye nyumba alimtumia Nabiswa ujumbe kwamba ukuta ule unawatia wapangaji wasiwasi bure. Nabiswa akaving'oa vipande vya kioo kwa patasi, akauziba ufa kwa saruji, akaupaka rangi ya maziwa. Kufikia adhuhuri ukuta ulikuwa safi kuliko kuta nyingine zote za nyumba ile.

Ijumaa baada ya swala, Bilan alibisha kwa Wakiuru akiwa na begi. Sabrin na mdogo wake walikuwa wamesimama nyuma yake.

"Naenda kwa ndugu yangu Eastleigh mpaka mzee arudi," alisema. "Binti yangu hanidanganyi, na kama hanidanganyi siwezi kulala hapa. Nipe Eve. Nitakurudishia Jumapili."

Eve alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, ameshika fremu.

"Ana adhabu," Wakiuru alisema.

"Mama Eve."

"Akikubali alichofanya, ataenda kutembea. Kwa sasa ana adhabu."

Bilan alisimama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Halafu akashuka na watoto wake, na hatua zao zilisikika hadi chini.

Jumamosi Wakiuru alifungua kibanda chake sokoni saa mbili. Alikuwa amemwachia Eve kazi ya kufua sare ya shule na kusugua sufuria. Saa nne na dakika chache sauti ilisikika, na watu wa sokoni waliinama wakidhani ni tetemeko tena, lakini ardhi haikutikisika. Kisha vumbi likainuka juu ya paa, la kijivu, na likaendelea kuinuka. Mwanamke wa kibanda cha jirani alisema, "Hiyo ni upande wa kwenu." Wakiuru alikimbia bado ana sindano katikati ya midomo.

Nusu ya nyuma ya nyumba, pamoja na ngazi, ilikuwa imekaa chini. Nusu ya mbele ilibaki imesimama, vyumba vimefunuka kama kabati lililoachwa wazi, kalenda bado zimetundikwa. Nabiswa alikuwa juu ya kifusi akichimba kwa mikono. Alichimba siku hiyo yote na usiku kucha, na walipomshusha kucha zake zilikuwa zimeng'oka. Watu kumi na mmoja walikufa. Eve alipatikana Jumapili alasiri kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza. Alikuwa anashuka. Kitu fulani alikisikia au alikiona, na alifanya kama walivyoagizwa.

Waliosalia walipewa ukumbi wa kanisa kulala. Jumatatu Wahome alimkuta Wakiuru hapo, ameketi juu ya mkeka, vitambaa alivyokuwa navyo sokoni vimelala kando yake. Mzee alikaa kwenye sakafu kwa shida, akanyoosha goti lake bovu. Kisha akauliza:

"Ulimwona akikivunja?"

"Sikumwona."

"Kilivunjika namna gani? Kilianguka?"

Wakiuru alishika pembe ya kitambaa kimoja, akaikunja.

"Kitu kikikigonga kioo," Wahome alisema polepole, akichora kwa kidole juu ya sakafu, "kioo kinatawanyika. Kinafanya kama nyota, vipande vinaanguka chini. Ufa ukikivuta, hakitawanyiki. Kinakatika hapo hapo juu ya ufa, na nusu zote mbili zinabaki kwenye saruji."

"Zilibaki," Wakiuru alisema. "Zilikuwa zimeshikwa. Sakafuni hapakuwa na kitu."

Mzee aliacha kuchora. Baadaye aliufuta mchoro kwa kiganja, ingawa hapakuwa na mchoro wowote, ilikuwa ni sakafu tupu.

"Neno moja tu ningeuliza kwenye simu," alisema. "Ningeuliza, vipande viko wapi. Sikuuliza. Nilikuwa na saruji imechanganywa, ingeganda."

Siku mbili baadaye waliambiwa kwamba afisa wa kuchunguza atakuja kuandika maelezo ya kila mpangaji. Jioni ile Nabiswa alikuja ukumbini, mikono imefungwa bendeji kama ngumi mbili nyeupe. Hakuketi.

"Mathe, nataka tuongee," alisema. "Kesho watauliza kuhusu kioo."

"Watauliza."

"Wewe ulisema ni Eve. Mbele ya watu wote, na kwa simu. Kila mtu anajua hivyo. Ukiendelea hivyo, hakukuwa na onyo. Mtoto alikuwa anacheza, akavunja kioo, basi. Mimi nimepaka rangi tu vile buda mwenye nyumba alisema. Lakini ukisema kilikatika chenyewe, watauliza ni nani alijua akanyamaza, ni nani aliking'oa. Buda ana mawakili. Mimi sina mtu. Watanifunga mimi."

"Na mimi," Wakiuru alisema. "Tulikuwa wawili pale."

"Ndiyo maana nakwambia. Tunyamaze wote." Sauti yake ilishuka. "Mimi nampenda Eve, unajua. Nilikuwa namfungulia lango kila asubuhi. Lakini yeye hawawezi kumfanya kitu sasa. Hata wakiandika ni yeye, haimuumizi."

Wakiuru alizitazama bendeji zile. Alijua kwamba kijana huyu alichimba alipopumzika kila mtu mwingine, na kwamba mwanawe wa kwanza alikuwa na miezi minne. Alijua pia kwamba katika ukumbi ule, mchana, mama mmoja aliyepoteza watoto wawili alikuwa amesema, bila kujua Wakiuru yuko nyuma ya pazia, kwamba yule msichana asingechezea kioo labda mzee angeona ufa unatembea.

"Nenda ukapumzishe mikono," alimwambia.

Afisa alikaa kwenye ofisi ndogo ya katekista, nyuma ya meza iliyojaa vitabu vya nyimbo. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye fomu. Alimwuliza jina, kitambulisho, ghorofa, saa. Alimwuliza kama alihisi tetemeko la Jumapili. Alimwuliza kama aliuona ufa.

"Niliuona. Na kioo pia."

"Kioo hicho nimekisikia," afisa alisema, akifunua kurasa za nyuma. "Kilivunjwa na mtoto Jumatano. Watu wanne wamesema hivyo."

"Walisikia kwangu."

Afisa aliinua kichwa.

"Mimi ndiye niliyesema ni yeye," Wakiuru alisema. "Si kweli. Kilikatika juu ya ufa, katikati, na nusu zote zilibaki kwenye saruji. Mwite Mzee Wahome, atakueleza maana yake. Watu wazima tuliokitazama kwa karibu jioni ile ni wawili, mimi na Nabiswa. Mtoto alisema hakukivunja na alisema tutoke. Nilimpiga kofi."

Afisa hakuandika mara moja. "Mama, nikiliandika hili, wakili wa mwenye nyumba atalitumia. Atasema mlionywa mkakaa. Atakuuliza wewe mahakamani, mbele ya watu. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Sasa kwa nini ulisema ni mtoto, kama hukumwona?"

Nje watu walikuwa wakikohoa wakingoja zamu yao. Wakiuru aliweka mikono yake juu ya meza, kati ya vitabu vya nyimbo.

"Kama si yeye, ilikuwa ni nyumba," alisema. "Na kama ni nyumba, ilibidi tuondoke jioni ile ile, na sikuwa na pa kwenda. Ilikuwa rahisi zaidi awe ni yeye."

Afisa aliandika. Aliandika kwa muda, kisha akamgeuzia karatasi atie sahihi. Wakiuru alimwomba kwanza amsomee pale palipo na jina la Eve. Akasoma: kwamba mtoto huyo, wa miaka tisa, aliulizwa na mama yake na baadaye na jirani, na nyakati zote alikana, na kwamba alisema ni lazima watoke. Wakiuru alimwomba arudie. Akarudia. Ndipo akatia sahihi.

Kwenye benchi la nje Nabiswa ndiye aliyefuata. Alisimama alipomwona akitoka.

"Umesema?"

"Nimesema. Nimesema na vile ulivyochimba."

Nabiswa alitikisa kichwa mara moja, si kwa hasira. Alijaribu kuchomekea shati lake vizuri, bendeji zikamzuia. Wakiuru akamchomekea, mbele na nyuma, kama anavyofanyiwa mtoto anayekwenda shule, naye kijana akainama kidogo ili Wakiuru aweze kufika, kisha akaingia.